Goti Jipya Lipe Jembe

Mwanangu, kaa kidogo. Najua una haraka. Mama yako amepangiwa tarehe ya kubadilishiwa goti, nawe umeshaomba ruhusa kazini, umeshahesabu siku za likizo, na swali lako ni moja tu: lini atarudi kutembea, kwenda sokoni, kwenda shamba, kubeba wajukuu? Vijana wengi wameniuliza hivyo tangu mimi nibadilishiwe goti langu la kulia. Huwa nawajibu kwamba ataanza mara tu ganzi itakapomwisha, na ataendelea mwaka mzima. Wanacheka. Wanadhani nawatania. Sitanii. Na mengi nitakayokuambia hapa yanakuhusu wewe utakayekaa naye, pengine kuliko yeye.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga. Darasani nilifundisha Kiswahili, jioni nilifundisha netiboli. Uwanja wetu ulikuwa mgumu, wa udongo ulioshindiliwa, nami sikuwa mwalimu wa kupuliza filimbi nikiwa nimekaa. Niliruka pamoja na watoto. Miaka ikapita. Goti likaanza kuniamsha usiku. Kisha nikashindwa kukaa kwenye mbuzi kukuna nazi. Kisha nikawa nashuka ngazi ubavuubavu, mkono ukutani. Nikasema ni uzee. Nikapaka dawa za kuchua, nikameza vidonge vya dukani, nikapunguza kutembea ili lisiume, mwishowe nikaacha kabisa. Hapo nilikosea, na nilikosea kwa miaka. Goti lililosagika likikosa kazi, misuli ya paja inanywea. Misuli ikinywea, goti linabaki na mzigo wote. Nilipofika kwa daktari, picha ya eksirei ilionyesha mfupa umekalia mfupa. Gegedu, lile tabaka laini la kati, lilikuwa limekwisha.

Daktari alichukua kalamu akanichorea. Akanieleza jambo ambalo wengi hawalijui: goti halitolewi lote. Kinachokatwa ni ncha za mifupa zilizoharibika, unene wa milimita chache tu. Ncha ya mfupa wa paja inavishwa chuma. Juu ya muundi panawekwa bamba la chuma. Katikati inawekwa plastiki ngumu, nyororo, ishike kazi ya gegedu. Basi. Kano za pembeni zinabaki zako. Misuli inabaki yako. Nilitoka pale nimefurahi, kwa sababu nilisikia neno chuma tu. Neno misuli halikuniingia.

Wewe lishike. Katika mwezi wa kwanza baada ya upasuaji, misuli ya mbele ya paja hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake. Maumivu na uvimbe vinaufanya hata ubongo uizuie isikaze ipasavyo. Chuma cha daktari ni kizima tangu saa ya kwanza. Kitakachomtembeza mama yako ni misuli, na hiyo hainunuliwi. Inajengwa nyumbani, na yeye mwenyewe, kwa kuinua mguu ule ule unaomuuma.

Ndugu watakuja na maneno yao. Dada yangu mkubwa alinisihi nisikubali, akasema watu wanafanyiwa majaribio. Nilimwelewa, alikuwa anaogopa. Zamani yalikuwa majaribio kweli. Themistocles Gluck wa Berlin alimwekea mgonjwa goti la pembe za ndovu mwaka 1890, na kazi zake hizo hazikudumu. Goti la namna tunayowekewa sisi lilianza miaka ya 1970. Mwaka 2019 jarida la tiba la The Lancet lilichapisha hesabu ya wagonjwa waliofuatiliwa kwa muda mrefu: katika kila magoti 100 yaliyobadilishwa kikamilifu, 82 hivi yalikuwa bado yapo kazini baada ya miaka 25. Wala si lazima tena mtu akate tiketi ya India. Taasisi ya Mifupa, MOI, pale Muhimbili, inafanya upasuaji huu hapa hapa nchini. Mwambie mama yako hayo kabla ndugu hawajafika, na uwaambie ndugu kwa upole wakifika.

Mimi nilitarajia kulala wiki nzima. Kesho yake akaja binti wa mazoezi tiba, mdogo kuliko kitinda mimba wangu. Akaniamkia: shikamoo mama. Nikaitikia marahaba. Akasema, haya mama yangu, tusimame. Nilimtazama nikidhani amekosea kitanda. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Binti yule alimpa mgeni wangu jembe kabla jua la siku ya pili halijachwa. Nilishika woka, ile fremu ya chuma yenye miguu minne, nikasimama, nikalia, nikapiga hatua hadi mlangoni. Siku hizi hospitali nyingi humsimamisha mgonjwa siku ile ile ya upasuaji akiwa na nafuu. Si ukatili. Damu ikilala kwenye mguu uliotulia inaweza kuganda. Mapafu ya mtu aliyelala hayatanuki vizuri. Na goti, likiachwa, linakakamaa.

Kisha nikarudi nyumbani. Hapa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo wewe unapoingia.

Watoto wangu walikuja wote. Walinipenda kwa namna waliyoijua. Mama usiinuke. Mama utaanguka. Mama kaa, tutakuletea. Chai ililetwa kitandani. Maji ya kutawadha yaliletwa kitandani. Simu mkononi, rimoti ubavuni. Nilipotaka kwenda msalani walinibeba huku na huku. Binti yangu wa pili alikunja mto laini akauweka chini ya goti, na kweli maumivu yakapungua. Nikamwombea dua. Nikalala hivyo usiku baada ya usiku, goti limekunjika kidogo, nimestarehe.

Ule mto, mwanangu. Nikiukumbuka nasikitika hadi leo, na binti yangu sijamlaumu hata mara moja, kwa sababu mimi nilikuwa mtu mzima na nilikuwa nimeambiwa. Goti linalolazwa limekunjika linazoea hivyo. Nyama za nyuma zinafupika, kovu la ndani linakaza, na mguu ukikataa kunyooka mtu anachechemea miaka yote iliyobaki. Mto unawekwa chini ya kifundo cha mguu. Kisigino kinainuka, goti linabaki hewani, linajinyoosha kwa uzito wake. Hivyo linauma. Ndiyo maana anayempenda mgonjwa hataki kufanya hivyo mpaka aelezwe sababu. Sasa nimekueleza.

Niliporudi kliniki, yule binti wa mazoezi alinilaza, akashika kipimo chake cha pembe, akanyamaza. Goti halikunyooka hadi mwisho, wala halikukunjika kufika nyuzi 90. Wewe umesoma hesabu, utanielewa. Kutembea tu kwenye tambarare kunalitaka goti likunjike nyuzi 65 hivi. Ngazi zinataka zaidi ya 80. Kuinuka kwenye kiti kifupi bila kushikwa mkono kunataka 100 na zaidi. Nami nilikuwa nimelala kitandani wiki zile nikinyweshwa chai. Yule binti hakunifokea. Aliniuliza, nani anamhudumia mama nyumbani? Nikataja watoto wote, kwa fahari. Akasema, basi mama, kesho njoo na mmoja wao.

Nilikwenda na mwanangu wa kiume. Tuliporudi alihamisha meza. Kikombe changu kikaanza kukaa sebuleni. Niliona ukatili mkubwa! Nilimwambia, mwanangu, umenichoka? Akanijibu, hapana mama, nimeambiwa nikupende kwa namna nyingine. Akasimama pembeni yangu, mikono tayari, bila kunigusa, nami nikakifuata kikombe. Siku ya pili alinifuata tena. Ukitaka kujua namna ya kumhudumia mama yako, ni hiyo. Kaa karibu, mikono iwe tayari, mwache afanye.

Mazoezi yenyewe ni madogo, mwanangu, na ndiyo ugumu wake. Mtu anadharau. Ananyoosha mguu kitandani, anakaza misuli ya paja kama anayelisukuma goti liguse godoro, anahesabu hadi 5, anaachia. Anapampu kifundo cha mguu juu na chini ili damu itembee. Anaburuta kisigino kuelekea matakoni mpaka goti likatae, anakaa hapo kidogo, anarudisha. Anainua mguu mzima ukiwa umenyooka. Baadaye anakaa kitini na kuinuka, anakaa na kuinuka. Mara chache, lakini mara nyingi kwa siku. Utaona anaacha kwa sababu inachosha au kwa sababu jirani amekuja. Fanya naye. Wewe uliyekaa mbele ya kompyuta siku nzima, mapaja yako nayo yanahitaji.

Na dawa za maumivu azimeze kwa wakati, kama zilivyoandikwa. Kwetu watu wanaona sifa kuvumilia. Mimi nilificha vidonge chini ya mto nikisema nisije nikavizoea. Matokeo yake sikuweza kukunja goti, na mazoezi nikayakimbia. Ukimeza dawa nusu saa kabla, mazoezi yanafanyika. Kama daktari amempa pia dawa ya kuzuia damu isigande, hiyo usimruhusu aruke hata siku moja.

Kuna jambo la maji ya moto. Utalikuta. Sisi wa pwani tumelelewa na kukandwa. Ukijifungua unakandwa, ukiteguka unakandwa. Dada yangu alikuja na ndoo ya maji ya moto na majani ya mwarobaini, amejitanda kanga, yuko tayari kwa kazi. Ilibidi mwanangu asimame mlangoni amzuie kwa adabu, na dada alinuna siku kadhaa. Lakini goti lile limevimba na lina joto lake lenyewe. Likikandwa kwa moto linazidi. Jeraha ambalo halijafunga likiguswa na maji ya majani linaweza kupata vijidudu, na vijidudu vikifika kwenye chuma, chuma huenda kikalazimika kutolewa. Linalotakiwa siku zile ni baridi. Tulinunua barafu kwa jirani anayewagandishia watoto wa shule, tukaifunga kwenye kanga kuukuu, tukaiweka kwenye goti dakika 15 hadi 20, kisha tukaiondoa. Mguu ukiwa juu. Wapeni shangazi na mama wakubwa kazi hiyo ya barafu. Wanataka kusaidia, wasirudi mikono mitupu.

Dalili hizi zijue kwa moyo. Shavu la mguu likivimba na kuuma isivyo kawaida, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Kifua kikimbana au pumzi zikimkatika ghafla, usimalize hata kuvaa viatu. Jeraha likianza kutoa maji au usaha, wekundu ukatambaa, homa ikapanda, nendeni. Usisubiri Jumatatu.

Mengine hayana hatari, ingawa yatamtisha. Goti litakuwa na joto la nje kwa miezi. Litaalika, chuma kikigusana na plastiki, tik tik, hasa akishuka ngazi. Sehemu ya ngozi upande wa nje wa kovu itakuwa na ganzi, yangu ipo hadi leo. Usiku atageukageuka hapati usingizi, na ule ndio wakati mgumu kuliko yote, ambao hakuna aliyenionya. Wiki ya tatu nilikuwa nalia saa tisa usiku nikijuta kwa nini nilikubali. Wengi hupitia hapo. Ukisikia mama yako yuko macho, nenda ukakae naye. Usimwambie avumilie. Muulize tu habari za zamani.

Sasa nije kwenye haraka, maana baada ya kulemaa kwa uvivu niliruka upande wa pili.

Shuleni nilizoea kuwasimulia watoto habari za John Stephen Akhwari, yule mwanariadha wetu wa Mbulu aliyekimbia marathoni kwenye Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968. Alianguka njiani, goti likaumia vibaya, akafungwa bandeji akaendelea. Aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, giza limeshaingia, watu wachache wamebaki, akamaliza. Naipenda habari ile hata sasa. Lakini niliichukua vibaya. Nilipoona nimechelewa kwa ajili ya wiki zile za kitandani, nikajiambia maumivu hushindwa kwa nguvu. Kama Akhwari aliweza, mimi ninayemsimulia siwezi? Nikatupa gongo kabla ya kuruhusiwa. Nikaenda harusi ya mtoto wa jirani, nikasimama usiku kucha, ngoma ilipokolea nikaingia kati. Asubuhi goti lilikuwa limejaa, halipindi, na nikarudi nyuma nilikotoka.

Nimelifikiria sana jambo hili. Maumivu ya Akhwari yalikuwa ya jioni moja. Baada ya hapo alipumzika. Mama yako anaingia kwenye mbio za mwaka mzima, na kila asubuhi anazianza upya, hakuna uwanja wala watazamaji. Ujasiri wa jioni moja tunao wengi. Wa kila siku kidogo kidogo ndio uliokuwa mgumu kwangu, na nadhani utakuwa mgumu kwake, na kwako utakuwa mgumu zaidi kwa sababu ya umri wako. Pia tulipokuwa tunasimulia tulisahau kuwaambia watoto kwamba Akhwari alimaliza wa mwisho, akichechemea. Hakujaribu kumfikia mtu yeyote.

Kipimo nilichofundishwa ni hiki, nami nakukabidhi. Tazama goti asubuhi ya kesho yake. Kama zoezi la leo limeuma kidogo na asubuhi limetulia, endeleeni, hata mwongeze. Kama asubuhi limevimba kuliko jana, au uchungu umelala naye na kuamka naye, mmezidisha. Punguzeni nusu siku hiyo. Msiache. Kupunguza na kuacha ni vitu viwili, na mimi nilikuwa najua kuacha tu.

Basi atarudi kwa hatua zipi? Takribani wiki 6 wengi wanakuwa wameachana na woka, wana fimbo moja au hawana kitu. Fimbo inashikwa mkono wa upande wa mguu mzima, watu hukosea hapo. Ngazi anapanda kwa kutanguliza mguu mzuri, anashuka kwa kutanguliza mguu mbaya. Kuendesha gari ni mpaka daktari aseme. Mwezi wa tatu atakuwa anakwenda sokoni na kurudi, jioni goti likivimba kidogo. Na hapo ndipo watu wanaposema amepona, wanaacha kumhimiza, naye anaacha mazoezi. Usiache. Nguvu inaendelea kurudi hadi mwaka unatimia.

Kutembea ndiko kukubwa. Alfajiri, kabla jua halijawa kali, viatu vya kufunga, si ndala. Mara ya kwanza hadi kwenye geti, kisha nyumba ya tatu, kisha msikitini au kanisani. Mji wetu wa Tanga ni tambarare na baiskeli hapa ni nyingi, nami nilikuwa nikienda shuleni kwa baiskeli. Baiskeli ni rafiki wa goti jipya, kwa kuwa linakunjika na kunyooka bila kubeba uzito wa mwili. Nilianza na ile iliyofungwa mahali pamoja kliniki, kiti kimeinuliwa juu. Ya barabarani niliipanda baadaye sana, nilipokuwa na uhakika wa kuweka mguu chini bila kuyumba, kwa sababu kuanguka ndiko tunakokuogopa. Kovu lilipofunga kabisa na daktari akaridhia nikaanza kwenda baharini Raskazone, maji yakifika kiunoni natembea ndani yake. Pale mwili ni mwepesi. Nilitembea vile na watoto wa watu wakiogelea pembeni yangu, na kwa mara ya kwanza tangu upasuaji sikuwa nawaza goti.

Kuna vitu havitarudi, na ni vizuri ajue mapema kutoka kwa mtu anayempenda. Goti lililobadilishwa kwa kawaida hukunjika hadi nyuzi 110 au 120 hivi. Kukaa kwenye mbuzi, kuchuchumaa kwenye choo cha chini, kukalia visigino kwenye mkeka, vinadai zaidi ya hapo. Kwa hiyo nyumba ibadilike kabla hajarudi. Kiti cha plastiki kilichokatwa katikati kiwekwe juu ya tundu la choo. Kitanda kiinuliwe kwa matofali. Mkeka wa mlangoni uondolewe, unateleza. Nazi akune mjukuu. Kama anaswali, dini imempa ruhusa ya kuswali kitini, na asione haya kuitumia. Mimi niliona haya. Nilijilazimisha kusujudu mpaka shekhe wetu aliponiita pembeni akanikumbusha kwamba wepesi ule umewekwa kwa ajili ya watu kama mimi. Kupiga magoti si haramu kwa chuma, wengine wanaweza baada ya muda wakiweka mto, ila haipendezi na inauma.

Kuruka na kukimbia, hapana. Plastiki ile inalika, na kila mshindo wa kutua unaila zaidi. Mimi sitaruka tena chini ya goli la netiboli. Nimeisema sentensi hiyo mara nyingi na bado haijaniwia nyepesi. Sasa nafundisha nikiwa nimesimama pembeni, natumia mikono na sauti, na wasichana wananisikia vizuri zaidi kuliko nilipokuwa naruka nao.

Uzito nao. Nasema haraka kwa kuwa hakuna apendaye kuambiwa. Watafiti wa Marekani waliwapima watu wenye magoti yaliyosagika wakakuta kila kilo 1 inayopungua mwilini inaliondolea goti mzigo wa kilo 4 hivi katika kila hatua. Zidisha kwa hatua za kwenda sokoni. Wali wa nazi uwepo, sahani ipungue.

Na kama goti linalokusumbua ni lako, mwanangu, umeumia kwenye mpira na umri wako haujafika hata 40, usishangae daktari akikuzungusha na mazoezi kwa miaka kabla ya kukubali kukuwekea chuma. Kijana anatembea zaidi, anabeba zaidi, ana miaka mingi mbele. Goti lake linaweza kuhitaji kubadilishwa mara ya pili, na mara ya pili ni kazi kubwa kuliko ya kwanza. Anaposema fanya mazoezi ya paja, hakufukuzi. Anakununulia miaka.

Safari nazo ziangalie. Utataka kumpeleka Dar kwako, akae ukimwona kwa macho yako. Subiri. Basi la Tanga hadi Dar ni saa nyingi za kukaa mguu umening'inia, na wiki za mwanzo ndizo damu inapenda kuganda. Muulizeni daktari kwanza, na mkisafiri ashuke kila basi linaposimama, apampu vifundo akiwa kitini. Ni afadhali wewe uje kwake.

Umesema tarehe yake ni mwezi ujao. Basi msiingoje. Misuli atakayoingia nayo ndiyo atakayotoka nayo, pungufu. Leo jioni, baada ya kula, mketishe kwenye kiti kigumu chenye mikono. Mwambie akunjue mguu wake mbaya mpaka unyooke, ahesabu hadi 5, aushushe. Mara 10. Kesho asubuhi tena, na jioni tena. Muulize daktari kama kuna mtaalamu wa mazoezi tiba anayeweza kumwona kabla ya upasuaji, na mara ya kwanza mfike kliniki mkiwa wote wawili, ili mtaalamu huyo akueleze wewe pia. Andika namba yake. Kisha pima kimo cha kitanda cha mama yako na cha kiti chake cha choo, na kama una rula nyumbani, anza na kitanda.